Kompyuta Inapoganda Katikati ya Gemu

Kompyuta inayoandika barua kutwa nzima bila kusumbua, halafu ikaganda dakika ya ishirini ya gemu, haina ugonjwa wa ajabu. Barua haiitoi jasho. Gemu huiamsha mashine yote kwa mpigo: prosesa, kadi ya michoro, RAM, diski na pawa saplai, na kuzishikilia kwenye kazi nzito saa nzima bila pumziko. Kiungo kilicho dhaifu ndicho hutangulia kuanguka. Kazi ya fundi ni kukijua hicho kiungo, na namna mashine inavyoganda husema mengi kabla bisibisi haijashikwa.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Picha ikisimama, hubonyezwa kitufe cha Caps Lock na kutazamwa taa yake ndogo. Taa ikiwaka na kuzima, mfumo ungali hai, na kilichokwama ni gemu lenyewe au kadi ya michoro. Taa isipojibu, na spika zikawa zinarudia mlio mmoja kama nyuki aliyenaswa chupani, basi mashine yote imesimama na lawama inahamia kwenye vifaa. Ikizimika kabisa au ikijiwasha upya yenyewe, washukiwa wa mwanzo ni umeme na joto lililopita mpaka. Kwenye kumbukumbu za Windows tukio hilo huandikwa Kernel-Power, namba 41. Wengi huisoma namba hiyo kama jina la ugonjwa, kumbe inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu. Sababu haiitaji.

Saa nayo ni shahidi. Kuganda baada ya dakika kumi na tano au nusu saa, kila mara baada ya muda unaokaribiana, ni dalili ya joto. Kuganda ghafla pale mandhari yanapochacha, magari yanapogongana na moshi kujaa skrini, huelekeza kwenye pawa saplai. Inayokwama sekunde kadhaa huku taa ya diski ikiwaka mfululizo, kisha ikaendelea, imeishiwa RAM au ina diski inayochoka. Na inayoganda mahali palepale pa gemu lilelile, huku magemu mengine yakienda vizuri, ina faili lililoharibika.

Kwa mji wa Morogoro, joto ndilo la kuanza nalo. Mji kasoro bahari uko kwenye meta 500 hivi juu ya usawa wa bahari, chini kabisa ya Uluguru, na kuanzia Oktoba hadi Februari chumba chenye bati na dirisha dogo hupita nyuzi 30 mchana bila shida. Kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongeza karibu nyuzi moja kwenye prosesa. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100. Gemu huanza kukatakata, na joto likizidi kupanda mashine hujizima ili isiungue.

Mlimani hesabu hubadilika. Kwenye kimo cha meta 1,500, kama sehemu za Mgeta, hewa ni nyepesi kuliko ya mjini kwa karibu asilimia 9, hivyo feni ileile kwa mwendo uleule hubeba joto kidogo zaidi ya tisa ya kumi tu. Kwa mashine inayopanda nyuzi 55 juu ya joto la chumba, upungufu huo unaweza kuongeza nyuzi nne au tano. Lakini chumba cha Mgeta kikiwa na nyuzi 20 badala ya 32, baridi hiyo hulipa deni lote na chenji hubaki. Ndiyo maana kompyuta inaweza kucheza bila kukwama likizo nzima huko juu, kisha ikaanza kuganda wiki ileile inaporudishwa mjini, Kihonda, na mwenyewe akaapa kwamba imeharibikia njiani. Adui wa mlimani ni unyevu: mashine iliyotoka kwenye ukungu na kuingizwa chumba chenye joto hutoka jasho kama chupa ya soda, na inafaa ikae saa chache kabla ya kuwashwa.

Ubavu ukifunguliwa, mara nyingi jibu liko wazi. Kati ya feni na mapezi ya aluminiamu yanayopoza prosesa kunakuwa na blanketi la vumbi jekundu lililoshikamana na nyuzi za nguo, nene kiasi cha kubanduliwa kwa vidole kipande kizima. Feni inazunguka na kupiga kelele, lakini upepo haupiti. Vumbi hilo hutolewa kwa brashi ya rangi iliyo kavu na blowa, nje ya nyumba, mashine ikiwa imechomolewa na feni imeshikwa isizunguke. Kompresa ya gereji si ya kutumia, maana hutema maji pamoja na upepo. Kompyuta za ofisi za mtumba zina tatizo la ziada: ile dawa ya kijivu inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye mapezi imekauka na kuwa chokaa baada ya miaka mingi. Hufutwa kwa spiriti, kisha hupakwa mpya, tone la ukubwa wa punje ya choroko. Kujaza si kupoza.

Mashine safi ikiendelea kuganda, umeme ndio unaofuata. Mkoa wa Morogoro una bwawa la Kidatu, lenye mitambo ya megawati 204, lakini nyumba iliyo mwisho wa laini hupata umeme mdogo jioni kama nyumba nyingine yoyote nchini. Kiwango ni volti 230. Pawa saplai ikivuta wati 300 kwa volti hizo hupitisha ampea 1.3, volti zikishuka hadi 170, ampea hupanda hadi karibu 1.8 kwa kazi ileile, na vipuli vyake huchemka. Zaidi ya hapo, pawa saplai nyingi huweza kustahimili kukatika kwa umeme kwa milisekunde 16 hivi tu, muda mfupi kuliko wimbi moja la umeme wa hezi 50. Friji ya jirani ikiwaka, taa hupepesa kidogo, mashine iliyokuwa kwenye ukomo wa nguvu zake ikaanguka. Stabilaiza husaidia volti zinapokuwa chini. UPS ndiyo inayoziba ukatikaji. Nayo kadi ya michoro iliyopachikwa kwenye kompyuta ya ofisi yenye pawa saplai ya wati 240 haiponi kwa stabilaiza: inahitaji pawa saplai kubwa. Kwa laptop, chaja ya kuazima yenye wati pungufu huleta kasoro hiyohiyo.

RAM hupimwa kwa programu ya MemTest86 inayoachwa ikitembea usiku kucha. Kosa moja linatosha kuihukumu. Zikiwa mbili, huchomolewa moja na gemu likajaribiwa. Draiva ya kadi ya michoro nayo isisahauliwe. Windows huisubiri kadi sekunde mbili, isipojibu huiwasha upya draiva, na mchezaji huona skrini nyeusi kisha picha ikarudi. Hapo draiva nyingine hujaribiwa, na mara chache dawa huwa kurudi kwenye toleo la zamani.

Kinachobaki ni kile ambacho mafundi wengi huanza nacho, yaani kupiga Windows upya. Kazi hiyo hula nusu siku, hufuta mafaili ya mtu asiye na nakala, na inafaa tu pale joto, umeme, RAM, diski na draiva vimeshapimwa vikaonekana havina hatia. Mwenye kompyuta amwombe fundi afungue ubavu mbele yake kabla ya kukubali kulipia kazi hiyo. Windows mpya haipunguzi hata gramu moja ya vumbi.