Beji Tatu za Autreat

Katika Autreat, kambi ya watu wenye usonji iliyoanza mwaka 1996 jimboni New York, adabu ya kwanza ilikuwa kutazama beji. Mwenye nyekundu hataki kusemeshwa. Mwenye ya manjano, msemeshe ikiwa mnafahamiana. Ya kijani ndiyo inayonivutia zaidi: mwenye nayo ana hamu ya kuzungumza ila kuanza kunamshinda, basi anza wewe.

Walioandaa kambi hiyo walikuwa wenyewe wenye usonji, chini ya Autism Network International, mtandao ulioanzishwa mwaka 1992 na Jim Sinclair na wenzake. Manukato yalikatazwa, na flashi za kamera pia. Ukichoshwa na kikao, unajiondokea, hakuna anayekuuliza. Kupepea mikono au kujibembeza, mambo ambayo wengi walikuwa wamegombezwa kwayo tangu utotoni, hapo hakuna aliyeyashangaa.

Wataalamu walikuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba mwenye usonji hamwelewi mwenzake. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alijibu kuwa kutoelewana huko ni kwa pande zote mbili. (Ni kama mila mbili zinapokutana: kwetu mtoto anayemkodolea macho mkubwa huambiwa hana adabu; Marekani, asiyemtazama mwalimu machoni ndiye hutiliwa shaka.) Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wakachapisha jaribio lao: hadithi ilipitishwa kutoka mtu hadi mtu. Wenye usonji watupu waliifikisha sawasawa na wasio na usonji watupu. Walipochanganywa, ndipo ilipopotea zaidi. Wenyeji wa Autreat sidhani walishangaa.

Desturi kama zile za Autreat ziliingia hata katika namna ya kufanya utafiti. Katika AASPIRE, ushirika ulioanzishwa Marekani mwaka 2006 na Christina Nicolaidis na Dora Raymaker, watafiti na wanajamii wenye usonji walikutana kwa kuandikiana kwenye kompyuta, kwa kuwa wapo ambao sauti nyingi kwa pamoja huwavuruga. Mtu aliandika hoja yake akaisoma kabla ya kuituma. Kwangu hilo lina uzito kuliko kumwalika mmoja wao aje kutoa ushuhuda kisha arudi kwao.

Shuleni mambo yamekwenda polepole zaidi. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilitoa LEANS, masomo ya bure kuhusu tofauti za ubongo kwa watoto wa miaka 8 hadi 11, yaliyotungwa pamoja na walimu, wakiwamo ambao wenyewe wana tofauti hizo. Hafundishwi mtoto mmoja pembeni. Linafundishwa darasa zima.