Mume Wangu, Mimi na Gari la Kwenye TV

Naomba nianze kwa kukiri jambo, msomaji wangu. Siku nilipoikuta PlayStation 5 sebuleni kwetu kwa mara ya kwanza, sikuona mchezo. Niliona kiwanja.

Nieleze. Mimi naishi Dar es Salaam, mume wangu yuko Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, ule uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Kazi ilimpeleka kule, kazi yangu ikanibakiza huku. Ndoa za aina hii mnazijua, tena baadhi yenu mnaosoma hapa mmo humo humo. Simu asubuhi, simu usiku, halafu kila baada ya mwezi au miwili mmoja anafunga safari. Katikati ya hayo yote tulikuwa na mpango mmoja wa maana: kuweka akiba mpaka tupate kiwanja.

Februari 2025 zamu ya safari ilikuwa yangu. Ndege hadi Mwanza, basi hadi Lamadi, pale unapoiacha barabara kuu ya kwenda Musoma, kisha kilomita 70 hivi za lami mpaka Bariadi. Nilifika jua linazama. Mama mwenye nyumba akanipokea getini, "Mwadila mayu!", nami nikaitikia kwa kubabaisha. Ndani kumefagiliwa, kuku yuko jikoni, mashuka mapya kitandani. Na pembeni ya TV limesimama dude jeupe lenye tumbo jeusi, refu kama ghorofa la Posta.

"Hiki nini?"

"PlayStation."

"Ya nani?"

"Yetu."

Jamani wanaume! Kitu kikiwa cha ugomvi kinageuka kuwa chetu.

Mashine hii iliingia sokoni Novemba 2020, na kwa bei za kwetu mpya yake inavuka shilingi milioni moja. Hiyo ya kwake aliichukua kwa mfanyakazi mwenzake aliyehamishwa, akalipa kwa awamu mbili kutoka kwenye posho zake za safari. Akiba yetu hakuigusa. Ila hakuniambia. Nikanuna. Kuku wa watu tukamla kimya kimya kama tuko msibani.

Kionjo cha bure

Nilipomaliza kunawa akanisogezea padi. "Jaribu kwanza ndiyo unihukumu. Halafu hii ni demo tu, mchezo wenyewe sijanunua."

Kwa asiyejua, demo ni kionjo. Ni sawa na muuza nanasi anavyokukatia kipande ili ununue zima. Hii inaitwa My First Gran Turismo, na ilitolewa bure Desemba 2024, mwezi ambao PlayStation ilitimiza miaka 30. Inachota vitu vyake kwenye Gran Turismo 7 ya mwaka 2022, mtoto wa ukoo ulioanzishwa na Mjapani Kazunori Yamauchi mwaka 1997. Mchezo kamili ulitoka na magari zaidi ya 400. Kionjo kina machache na viwanja vichache vya mbio, lakini kwa mtu wa kwanza kushika padi kama mimi, ni karamu.

Ila "bure" ya Bariadi ina masharti yake. Kwanza, demo yenyewe ni makumi ya gigabaiti, kwa hiyo jamaa alikuwa anaipakua usiku wa manane kwa vifurushi vya usiku, siku kadhaa. Pili, ukifungua akaunti ya PlayStation, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi. Wachezaji wengi wa kwetu wanajisajili kwa jina la nchi nyingine. Nikagundua nimeolewa na raia wa Afrika Kusini!

Mimi na kona

Nilichokijua kuhusu gemu ni vile vibanda vya mtaani, watoto wamevua viatu mlangoni, sare za shule mwilini, na mama zao wanawatafuta. Kwa hiyo nilitegemea makelele na magari ya katuni. Siyo. Kiukweli nilishtuka. Mwanga wa jua unacheza juu ya boneti, vivuli vya miti vinapita kwenye kioo cha mbele, na ukiingia kwenye handaki mlio wa injini unabadilika, unakurudia masikioni kama uko ndani yake.

Lakini kilichonimaliza ni padi. Ina vifyatulio viwili nyuma, kimoja mafuta, kimoja breki. Ukikanyaga breki kwa nguvu, kile kifyatulio kinakaza, kinakusukuma kidole. Ukipanda ukingo wa barabara unausikia mtetemo wake viganjani, upande ule ule uliopanda. Vidole vyangu viliamini niko barabarani kabla kichwa hakijaamini.

Na mchezo wenyewe una adabu. Haukuachii tu ukimbie. Unakupa kwanza masomo: kuondoka, kufunga breki mahali pake, kukata kona. Kuna mstari barabarani unaokuelekeza pa kupita na kukuonya pa kupunguza mwendo. Mimi niliyeupuuza nilikwenda moja kwa moja ukutani. Gari halikuvunjika, halikuja trafiki, hakuna bima. Linapoteza mwendo tu, wenzako wanakupita, basi.

"Mke wangu, funga breki kabla ya kona, siyo ndani ya kona," akasema, amekaa nyuma yangu kwenye zulia.

"Nimekusikia."

"Hujanisikia, uko ukutani."

Nikacheka. Sikupanga kucheka, niliyekuwa nimenuna.

Tukachukua karatasi, tukaanza kuandika muda wa kila mtu kwenye kiwanja kinachoitwa Trial Mountain, barabara ya milimani yenye mahandaki. Kila mmoja mzunguko mmoja, kisha anapokezana. Nilianza kwa muda wa aibu. Mara ya nne nikashuka mpaka dakika mbili na ushee. Mara ya sita nilikuwa nimesimama, kiuno kinafuata kona. Akawa ananitania kwamba Usukumani mbio wanazozijua tangu zamani ni za baiskeli, sasa ameingia dereva kutoka Dar. Mimi nikamjibu kwamba mimi nataka mbio za kwetu, zenye vumbi. Akaniambia zipo: mchezo wa EA Sports WRC, uliotoka Novemba 2023, una barabara za Safari Rally ya Kenya. Ile ile iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Hiyo nimeiweka kiporo.

Basi, mzunguko wa saba, niko mbele ya muda wangu wote. Naingia handakini. Giza. Nikaendelea kukanyaga mafuta, nasubiri mwanga wa upande wa pili.

"Umeme umekatika," akasema.

Gizani

Tulikaa pale pale kwenye zulia. Mshumaa ulikuwa jikoni, hakuna aliyeufuata. Bariadi usiku bila umeme inasikika vizuri: mbwa, redio ya betri ya jirani, baiskeli inayopita.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema kiwanja."

Ni kweli. Ningesema kiwanja.

"Unajua saa tatu usiku hapa inakuwaje?" akaendelea. "Ukishaniambia nakupigia kesho, nafunga toleo, mimi nabaki na huu ukuta. Wenzangu wako baa. Nikaona bora nigombane na kona."

Hakulalamika. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia. Nikahesabu kichwani mara ngapi nimeikata simu yake nikiwahi kazi, nikaacha kuhesabu.

Na hapo, msomaji wangu, ndipo nilipokumbuka la kwangu. Januari nilikuwa nimeulizwa ofisini kama niko tayari kuongeza mkataba wa miaka miwili Dar. Nilisaini siku ile ile. Nilijiambia nitamweleza tukionana uso kwa uso. Tukaonana, nikanunia mashine ya milioni moja, huku mimi nimeshatumia miaka yetu miwili bila kumuuliza.

Nikamwambia. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani kasinzia.

"Miwili," akasema.

"Miwili."

Umeme ulirudi karibu saa sita usiku. TV ikawaka, mashine ikaanza kuwaka, ikitulalamikia kwamba haikuzimwa vizuri. Hakuna aliyenyanyuka kuchukua padi.

Usiku ule niliona kitu ambacho bado nakitafakari. Zile wikendi zetu zilikuwa demo. Nyumba imefagiliwa, mashuka mapya, kila mtu anaonyesha magari yake mazuri machache. Mchezo kamili, wenye jioni za ukutani na karatasi za ofisini, kila mmoja alikuwa anaucheza peke yake. Kionjo si uongo. Lakini ukila kionjo kila mwezi kwa miaka, utadhani umeshamaliza nanasi.

Kama kwenu pia mashine inabisha hodi

Kabla sijafunga, haya niliyojifunza yanaweza kukusaidia:

Onja kwanza. Demo haina gharama zaidi ya bando. Mkiicheza wiki mbili mkaichoka, mmeokoa hela ya mchezo kamili.

Uliza kuhusu intaneti. Gran Turismo 7 yenyewe inahitaji intaneti kwa sehemu kubwa ya mambo yake. Kama mtandao wa mtaani kwenu ni wa kusuasua, piga hesabu ya bando pamoja na bei ya mchezo.

Chukua mashine yenye sehemu ya diski. Diski mnaweza kuazimana na hata kuiuza mkishamaliza. Mchezo wa kupakua ukishaununua ni wako tu.

Linda umeme. Stabilaiza ni nafuu kuliko mashine, na umeme ukikatika chomoa kabla haujarudi.

Semeni bei. Siyo ya mashine peke yake.

Jumapili aliniendesha hadi stendi kwa bodaboda ya jirani, mimi nyuma nimemshika kiuno. Kwenye kona ya kuingia barabara kuu alipunguza mwendo mapema kabisa, akageuza shingo kuniangalia kama nimeona.

Mchezo kamili hatujanunua. Kiwanja pia bado. Kuhusu mkataba, tumeshazungumza mara tatu, mara mbili tumegombana, na hatujapata jibu. Ila siku hizi saa tatu usiku simu ikiita siikati. Ananisomea muda wake wa Trial Mountain, namsomea yaliyonikuta ofisini, hata yale mabaya. Karatasi yetu ameibandika kwenye friji. Anasema mstari wangu wa saba ameuacha wazi, maana nilikuwa bado sijatoka handakini.