Kitenzi -kam- na Cheo cha Omukama katika Runyambo: Asili na Maana

Runyambo, lugha ya Kibantu iliyoainishwa katika kundi JE21, huzungumzwa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera. Miongoni mwa vitenzi vyake vya kale ni okukama, yaani kukamua maziwa. Kitenzi hicho kinatokana na mzizi wa Mame-Bantu *-kam-, wenye maana ya kuminya kitu ili kitoe majimaji. Mzizi huohuo unajitokeza katika Kinyarwanda (gukama), Luganda (okukama) na Kiswahili (kama). Kiswahili cha leo hutumia zaidi umbo la kamua, ambalo maana yake imebaki pana: hukamuliwa ng'ombe, chungwa, hata jipu.

Swali la msingi ni iwapo Omukama, cheo cha mfalme wa Karagwe, kimezaliwa na kitenzi hicho. Kimofolojia, hakuna kizuizi. Nomino hiyo ina irabu tangulizi o-, kiambishi ngeli mu-, mzizi -kam- na kiishio -a. Ingawa nomino nyingi za mtenda huishia na -i, kiishio -a si kigeni katika lugha za Kibantu. Kiswahili kina mganga kutokana na ganga, na mchunga kutokana na chunga.

Kisemantiki, utamaduni wa ikulu unaunga mkono hoja hiyo. Speke, aliyefika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, aliwaeleza wanawake wa ikulu walionenepeshwa kwa maziwa. Hazina ya kifalme nayo ilikuwa na sanamu za ng'ombe za chuma. Katika ufalme jirani wa Nkore, mtawala aliitwa Omugabe, jina linalohusishwa na okugaba, yaani kugawa. Kwa mtazamo huo, mmoja hukamua, mwingine hugawa.

Hata hivyo, cheo cha Omukama kilitumika pia Bunyoro, Toro na Buhaya. Kwa hiyo, ushahidi wa Karagwe pekee huipa nguvu dhana hiyo bila kuithibitisha.

Tangu utawala wa machifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963, neno hili limebaki zaidi katika sala na masimulizi. Tafsiri za "mfalme" na "Bwana" huhifadhi mamlaka lakini huacha maziwa. Kamusi ya Runyambo haina budi kuonyesha uhusiano huo, pamoja na kiwango cha uhakika wake.