Samaki anayerudishwa majini

Juma hili tunazungumza juu ya uvuvi ambao wengi wetu tungeucheka. Mtu anapanda ndege, analipa kibali, anasimama mtoni tangu asubuhi, na akimpata samaki anamrudisha majini! Sufuria yake inabaki tupu. Je, ana wazimu? Tutazame kwanza.

Tuanzie Kenya. Mwaka 1905 mlowezi mmoja Mwingereza, Ewart Grogan, alileta trauti kutoka Scotland, wakapandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Leo trauti wako pia katika mito ya Mlima Kenya. Samaki huyu anataka maji ya baridi, safi, yanayokimbia juu ya mawe. Ziwa letu Tanganyika lina joto mno kwake. Msitu ukikatwa kule juu, jua linaupiga mto, udongo unashuka na kufunika mayai yake, naye anatoweka. Ndiyo maana penye trauti, ujue pana msitu.

Wavuvi wake hawatumii nyavu. Ndoana inafungwa manyoya na nyuzi mpaka ifanane na inzi aliyeanguka majini. Akimshika samaki, mvuvi mwema hulowesha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu humtoa utelezi unaolinda ngozi yake. Humshika taratibu kama tunavyomshika mtoto mchanga wakati wa kumwogesha, halafu humwachilia.

Na sisi Wakongomani tunaye mbenga wa mto Kongo. Anaweza kupita urefu wa mita moja, na meno yake ni kama ya mamba. Anayemvua huweka waya mbele ya ndoana, la sivyo uzi unakatwa. Kuna wageni waliotoka Ulaya kumfuata yeye tu. Ingawa barabara mbovu na vita huwazuia wengi, anayefika huhitaji mpiga kasia, mpishi, mahali pa kulala. Mbenga mmoja aliye hai anaweza kulisha nyumba kadhaa, na kesho bado yumo mtoni.

Basi, hao wageni hawana wazimu. Wanajua kwamba samaki akimalizika, hakuna tena sababu ya kurudi.

Sisi hatuvui kwa mchezo, tunavua tule. Hakuna atakayemwambia mama mwenye watoto sita arudishe mikeke majini. Lakini tuulizane ukweli: ni nani anayenunua vile vitoto vya mikeke na sangala vinavyokokotwa kwa nyavu za matundu madogo, hata kwa vyandarua vya mbu? Ni sisi. Fungu lake ni la bei ndogo, na jioni mfuko hauna kitu. Hatumhukumu mtu, maana wengi wetu tumelinunua. Ila kila tunaponunua, tunamwambia mvuvi: kesho leta tena.

Mwaka 2024 ndugu zetu wa Tanzania walifunga uvuvi upande wao wa ziwa toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu ni mirefu kwa mama muuza samaki. Kwa hiyo kikundi chenye likelemba kianze mapema kuweka akiba ya miezi ya namna hiyo, na kukausha ndakala wakati wanapatikana kwa wingi.

Tunawaomba jambo moja, wamama. Kwenye mkutano ujao, kila kikundi kikubaliane: vitoto vya samaki hatununui. Mama mmoja akikataa, mvuvi atamwuzia jirani yake. Tukikataa wote pwani nzima, wavu ule utabaki nyumbani.

Mtoto wa samaki aachwe akue. Wajukuu wetu nao watataka kula.