Ushindi wa Ndola na Manung'uniko ya Tunduma

Jumanne ya Juni 11, 2024, Taifa Stars iliifunga Zambia 1-0 kwenye Uwanja wa Levy Mwanawasa, Ndola, katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la 2026. Bao lilifungwa dakika ya 5 na Waziri Junior, wakati huo mshambuliaji wa KMC. Zilibaki dakika 85 na za nyongeza, na hizo ndizo zilizowagawa mashabiki. Wapo waliosema vijana wamepigana kiume. Wapo waliosema tumeponea chupuchupu, na kwamba timu inayorudi nyuma mapema hivyo itakuja kuumbuka. Ukiwasikiliza bila kujua matokeo, ungedhani kundi la kwanza limeshinda na la pili limefungwa.

Ugomvi huo ulikuwepo nchi nzima, lakini ukitaka kuuelewa vizuri, usiuangalie kutokea Dar es Salaam. Uangalie kutokea Tunduma.

Kwanza jiografia. Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi: kilomita 975 ziko Tanzania na 885 ziko Zambia. Tunduma iko pale reli inapovuka mpaka. Kutoka Kapiri Mposhi hadi Ndola unaongeza kilomita mia moja na kidogo. Maana yake ni kwamba kwa mkazi wa Tunduma, uwanja wa Ndola na Uwanja wa Benjamin Mkapa viko mbali karibu sawasawa. Shaba inayochimbwa upande ule wa Ndola na Kitwe hupita hapa kwenda bandarini, na dereva anayesubiri kwenye foleni ya malori upande wa Mpemba huenda alikuwa Ndola juzi tu. Mechi ambayo mtu wa Temeke anaiona kama safari ya nchi ya mbali, mtu wa Sogea au Majengo, hapa Tunduma, anaiona kama mechi ya jirani. Tofauti anayoisikia ni ya saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo mpira unaoanza saa 12 jioni Ndola huanza saa 1 usiku Tunduma, na mtu anayevuka mguu mmoja kwenda Nakonde, upande wa Zambia, anaweza kuulizwa mpira unaanza saa ngapi na akalazimika kuuliza kwanza: saa za wapi?

Pili, utani. Dar es Salaam timu ya taifa ikifungwa na Zambia, watu wananuna pamoja. Hakuna wa kuwacheka, maana Wazambia wa kuwacheka hawapo mtaani. Tunduma mchekaji yupo, na kesho yake asubuhi anakuja kununua mchele. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Mjomba anaweza kuwa Mtanzania na mpwa akawa Mzambia. Kiswahili kinasikika Nakonde kama Kibemba kinavyosikika Tunduma. Tangu Oktoba 2019, Rais Magufuli na Rais Lungu walipozindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, msafiri anakamilisha taratibu za nchi zote mbili sehemu moja. Lakini biashara ndogondogo, wabadilisha hela wenye mabunda ya kwacha na shilingi, na ndugu wanaotembeleana walikuwepo muda mrefu kabla ya jengo hilo. Katika mazingira hayo, bao la dakika ya 5 ni ngao ya kukukinga na maneno ya mteja wako. Ndiyo maana nadhani shangwe za Tunduma usiku ule zilikuwa na uzito wa pekee, hata kama mpira wenyewe haukuwa wa kupendeza macho.

Hofu nayo ina historia. Wazee wa mpira bado wanaukumbuka mwaka 1979. Tanzania ilishinda 1-0 Dar es Salaam, ikaenda Ndola kwenye marudiano, ikatanguliwa kufungwa, na dakika za lala salama Peter Tino akasawazisha. Sare ile ya 1-1 ilitupeleka fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 Lagos, na baada ya hapo tulisubiri hadi 2019 kurudi. Ndola, basi, ilishatupa tabasamu moja kubwa. Lakini Zambia imetulipa zaidi ya mara moja. Kwenye CHAN ya 2009 nchini Ivory Coast, tulikuwa mbele hadi mwishoni, Zambia ikasawazisha na sisi tukaaga mashindano. Januari 21, 2024, San Pedro, Simon Msuva alitufungia mapema, Zambia ikabaki na wachezaji kumi, na bado Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Ungekuwa ushindi wetu wa kwanza kabisa katika fainali za AFCON.

Kati ya sare ya San Pedro na ushindi wa Ndola haikupita hata miezi mitano, na aliyekaa benchi la Stars mara zote mbili ni Hemed Suleiman "Morocco". Sasa fikiria mtu aliyeketi kwenye benchi la mbao ndani ya kibanda umiza, Stars ikiongoza 1-0 na saa ikiwa imefika dakika ya 85. Hatazami mpira wa siku hiyo peke yake. Anatazama na San Pedro pia. Kila krosi ni Daka. Filimbi ya mwisho inapolia, kinachomtoka ni pumzi kwanza, kisha kelele.

Sasa tuje kwenye mpira wenyewe, kwa sababu hapa ndipo wanung'unikaji walipokuwa na hoja.

Bao la mapema ugenini linabadilisha kazi ya kila timu. Mwenyeji aliyepanga kucheza kwa utulivu analazimika kusogeza watu mbele, na mashabiki wake wanamharakisha. Mgeni anapata ruhusa ya kurudi nyuma, kubana katikati na kusubiri mpira uporwe ili akimbie kwenye nafasi zilizoachwa wazi. Hii si aibu. Zambia ni bingwa wa Afrika wa 2012, na siku ile ilikuwa na kocha Avram Grant, mtu aliyewahi kuifikisha Chelsea fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kwa kikosi chetu, kupaki basi ndani ya Ndola baada ya kupata bao ilikuwa akili. Mwenye kudai tungefunguka tucheze pasi za kuchezea macho anataka burudani ya watu wengine kwa gharama ya pointi zetu.

Tatizo liko kwingine. Mbinu hiyo inafanya kazi pale ambapo mpinzani ndiye mwenye wajibu wa kushambulia. Ukirudi nyumbani, wajibu unahamia kwako. Mgeni anakuja kubana, na wewe unaulizwa swali ambalo Ndola hukuulizwa: unamfungua vipi mtu aliyejifungia? Aliyelalamika asubuhi ya Juni 12 kwamba "hatuna mpira wa kumiliki" hakuwa akidharau pointi tatu. Alikuwa anauliza kuhusu mechi inayofuata. Bahati mbaya kwenye vijiwe vyetu anayeuliza swali la namna hiyo huambiwa hana uzalendo.

Nadhani kuna sababu nyingine iliyofanya wengi waone kazi imekwisha, nayo inatokana na klabu. Mashabiki wa Simba wa huku wamefundwa na mechi za mtoano dhidi ya timu za Zambia. Desemba 2018 Simba ilifungwa 2-1 na Nkana pale Kitwe, na watu walirudi bila unyonge kwa sababu John Bocco alikuwa amepata bao la ugenini. Wiki iliyofuata, Desemba 23, Dar es Salaam, ikawa 3-1, bao la mwisho likifungwa dakika za mwisho na Clatous Chama, Mzambia, kwa kisigino. Desemba 2021 ilifungwa tena 2-1, safari hii Lusaka na Red Arrows, na bado ikapita kwa sababu ilishashinda 3-0 nyumbani. Septemba 2023, sare ya 2-2 na Power Dynamos palepale Ndola, mabao yote mawili ya Chama, ilisherehekewa kama ushindi. Marudiano yakaisha 1-1 na Simba ikapita kwa mabao ya ugenini. Yanga nao wana kumbukumbu zao, chungu zaidi: Zanaco iliwatoa 2017 kwa bao la ugenini, na Zesco ikawatoa 2019 kwa kuwafunga 2-1 Ndola baada ya sare ya 1-1 Dar es Salaam.

Ukilelewa na hesabu hizo, unajifunza kwamba kilichopatikana Zambia ndicho kilicho kigumu, na nyumbani ni kumalizia tu. Mtoano unaruhusu fikra hiyo. Kundi haliruhusu. Kwenye kundi hakuna bao la ugenini linalokubeba, na hakuna wiki ijayo. Marudiano yetu na Zambia yalikuja Oktoba 8, 2025, karibu miezi kumi na sita baadaye, Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Zambia ilikuja, ikapata bao lake moja, ikalilinda, ikaondoka na ushindi wa 1-0. Ukiondoa majina ya wachezaji, ilikuwa mechi ya Ndola iliyogeuzwa. Mwezi mmoja kabla, Niger nayo ilikuwa imetufunga 1-0 nyumbani. Tunduma ikalazimika kuvumilia vicheko vya Nakonde, kwacha mkononi na biashara ikiendelea.

Hapa sitaki kueleweka vibaya. Waliocheza ngoma usiku wa Ndola walikuwa na haki yote ya kucheza. Kuifunga Zambia kwake, miezi mitano baada ya San Pedro, si jambo dogo, na shabiki hana mkataba wa kuwa mchambuzi usiku wa ushindi. Ninachobishana nacho ni ile tabia ya kumzomea anayeuliza maswali kesho yake. TFF, benchi la ufundi na sisi waandishi tulipaswa kumsikiliza yule mlalamikaji wa kijiweni kuliko tulivyomsikiliza mpiga vuvuzela, kwa sababu alikuwa ameshaiona Amaan mapema.

Asiyeamini aitazame hesabu yenyewe. Katika kampeni ile Stars ilimaliza na pointi 10. Tatu zilitoka kwa Niger, mechi iliyochezwa Marrakech, tatu Ndola, na moja kwenye sare ya 1-1 na Congo mjini Brazzaville. Tatu nyingine zilikuwa za mezani, baada ya mechi na Congo ya Machi 2025 kutochezwa. Nyumbani tulicheza mechi tatu uwanjani, dhidi ya Morocco, Niger na Zambia: tulifungwa zote, na hatukupata hata bao moja.