Mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati: fasi yake ni kifuani

Mama, baba, na wewe kijana msomaji, umekwisha kuona mtoto aliyezaliwa na miezi saba? Ngozi yake ni nyembamba, unaona mishipa ya damu ndani. Kulia kwake kunasikika kidogo tu. Watu wanaokuja kumwangalia wanasemezana polepole: "Huyu atapona kweli?" Jamaa zingine hazimpi hata jina mbio, wanaogopa kumzoea.

Leo tunataka kuongea na wewe juu ya mtoto huyu, kwa sababu miaka hii ya karibuni waganga wamebadilisha mafundisho yao juu yake. Na mafundisho mapya yanaanza na kitu ambacho kila nyumba inacho: mwili wa mama, na mapendo ya jamaa.

Ni mtoto gani huyu?

Mimba inatimia kwa majuma 40 hivi. Mtoto anayezaliwa kabla ya majuma 37 kutimia, amezaliwa mbele ya wakati. Usifikiri ni jambo la nadra. Katika watoto 10 wanaozaliwa duniani, karibu mmoja ni wa namna hiyo. Mwaka 2020 walikuwa zaidi ya milioni 13.

Adui zake ni wanne. Baridi, kwa sababu hana mafuta chini ya ngozi. Njaa, kwa sababu hana nguvu ya kunyonya. Pumzi, kwa sababu mapafu hayajakomaa. Na magonjwa ya kuambukiza, kwa sababu mwili wake haujui bado kupigana.

Wazee wengine wanasema: "Mutoto wa miezi saba anapona, wa miezi munane anakufa." Si kweli. Kila juma mtoto analoongeza tumboni linamsaidia. Wa miezi minane ana nguvu kupita wa miezi saba.

Jambo lililoanzia Bogotá

Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, kulikuwa hospitali moja kubwa ya kuzalisha. Kuvezi, yaani visanduku vya umeme vya kupashia watoto joto, hazikutosha. Watoto wawili au watatu waliwekwa pamoja ndani ya moja, na ugonjwa wa mmoja ulipita kwa mwenzake. Mama walikuwa mbali na watoto wao, na wengine hawakurudi kuwachukua.

Mganga Edgar Rey Sanabria akatafuta njia nyingine. Akawapa mama watoto wao: wawafunge kifuani, ngozi kwa ngozi, wawape maziwa yao wenyewe. Njia hiyo ikaitwa ya kanguru, kwa jina la mnyama wa Australia anayebeba mtoto wake katika mfuko wa ngozi tumboni.

Lakini kwa miaka mingi waganga waliogopa jambo moja. Walisema: kwanza kuvezi, mpaka mtoto awe na nguvu kidogo, kisha kifua cha mama. Hivi mtoto dhaifu kabisa alibaki peke yake katika siku zile za kwanza, na ndizo siku za hatari kupita zote.

Uchunguzi wa 2021

Hospitali tano, katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, zilifanya uchunguzi wa watoto 3,211. Kila mmoja alikuwa na uzito wa kilo 1 mpaka karibu kilo 1.8. Kundi moja waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hali yao haijatulia. Walibaki pale karibu saa 17 kwa siku. Kundi la pili walifuata njia ya zamani.

Matokeo yake ni nini? Katika siku 28 za kwanza, kwa kila watoto 100, kundi la pili lilipoteza karibu 16. Kundi la kifuani lilipoteza 12. Uchunguzi ulisimamishwa mbele ya wakati wake, kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima wengine faida hiyo.

Angalia vizuri, msomaji: mama hawa hawakuachwa peke yao. Walilala pamoja na watoto katika chumba cha wagonjwa wadogo, na watoto walipewa dawa na msaada wa pumzi wakiwa palepale hospitalini. Kifua hakikimbizi mganga. Vinatumika pamoja.

Kwa hiyo, Novemba 2022, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mashauri mapya: kifua kianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 mpaka 24 kwa siku. Anayebaki nje ni mtoto mgonjwa sana tu, kama yule asiyeweza kupumua mwenyewe. Tena OMS inaomba jamaa wakaribishwe katika utunzaji, wasifukuzwe mlangoni.

Namna ya kufanya

1. Mtoto avae kofia, soksi na nepi tu. Mwuguzi akuonyeshe mara ya kwanza.
2. Umweke wima katikati ya maziwa yako, kifua kwa kifua, kichwa kimegeuka upande ili pua iwe wazi.
3. Ufunge kikwembe kwa nguvu ya kutosha, asiteleze. Usimfunike uso.
4. Kama hawezi kunyonya, kamua maziwa, apewe kwa kikombe kidogo au kwa mpira, namna mwuguzi anavyosema. Usimpe maji, wala uji.
5. Ulale umeinua mgongo kidogo, mtoto akiwa bado kifuani.

Ukirudi nyumbani, endelea mpaka mtoto mwenyewe akatae, anapiga mateke na kutaka kutoka. Akiacha kunyonya, akiwa baridi hata kifuani, akipumua mbio, au midomo ikigeuka buluu, usingoje asubuhi. Rudi hospitali.

Na baba?

Saa 17 kwa siku! Nani atachota maji? Nani atapika bukari na kufua? Hapa ndipo watoto wengi wanapotezwa: si kwa kukosa mashini, lakini kwa sababu mama aliachwa peke yake. Siku ya tatu anamtia mtoto kitandani ili aende sokoni, na baridi inamshika.

Baba, kifua chako pia kina joto. Mama anapooga au kulala, ni zamu yako. Lakini kama unatoka mugodini au kuchimba, oga kwanza na sabuni, ubadilishe nguo zote. Vumbi la mawe si la kuletea mtoto. Na wakikucheka wakisema, "Mwanaume anabeba mutoto kama mwanamuke!", uwajibu: "Huyu ni wangu, na anaishi."

Mama mkwe, dada, vijana: chukueni ndoo na sufuria.

Tusiogope hospitali

Uchungu ukianza mbele ya wakati, enda mbio. Kuna shindano la kusaidia mapafu ya mtoto, lakini mama anapaswa kulipata mbele ya kuzaa, tena hospitalini. Juu ya feza, Septemba 2023 serikali yetu ilianza Kinshasa mpango wa kuzalisha na kutunza watoto wachanga bila malipo, ili uenee hatua kwa hatua katika majimbo. Uliza kituo chako cha afya mimba ikiwa bado changa, si usiku wa uchungu.

Na mtoto, mpe jina siku ya kwanza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

- Kama mtoto angezaliwa kwetu leo mbele ya wakati, nani angechota maji?
- Baba angeweza kumbeba saa ngapi kwa siku?
- Katika mtaa wetu, ni mama gani aliye peke yake sasa?