Vifaranga Wapya Wamegoma Kula? Anza na Joto, Siyo Dawa



Juzi saa tatu usiku kijana mmoja wa huku Ngara alinipigia simu. Vifaranga 200 walikuwa wameshuka kwenye basi la kutoka Mwanza jioni ile, wamenunuliwa kwa mkopo wa kikundi, ile asilimia 4 ya vijana ya halmashauri. "Afisa, nimewamwagia chakula hawakigusi. Wamejikusanya kona moja wanalia tu. Ninunue antibayotiki?"

Nikamuuliza: "Jiko uliliwasha saa ngapi?"

Kimya. Kumbe aliliwasha vifaranga walipofika.

Hapo ndipo wengi tunapopotezea mtaji. Kifaranga anazaliwa na mabaki ya kiini cha yai tumboni, yanayomtunza siku mbili hadi tatu. Kwa hiyo asipokula siku ya kwanza hafi palepale. Anaanza kufa siku ya nne au ya tano, na wewe unasema ni ugonjwa, unakimbilia duka la dawa. Kumbe ni njaa. Na njaa yenyewe imeletwa na baridi: kifaranga akisikia baridi hatembei kutafuta chakula, anajibana na wenzake.

Fanya hivi:

1. Washa jiko siku moja kabla hawajafika, ili sakafu na maranda vipate joto. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35. Huna kipimajoto? Gusisha miguu ya kifaranga shavuni kwako. Ukisikia ubaridi, joto halitoshi. Ukitumia mkaa, acha upenyo wa hewa juu, maana hewa yake inaua kimyakimya.

2. Wakishuka, maji kwanza. Safari imewakausha. Weka maji ya uvuguvugu yenye glukosi au sukari kidogo kwa masaa machache ya mwanzo tu. Chovya midomo ya wachache, wengine wataiga.

3. Wakishakunywa, weka chakula cha vifaranga, siyo pumba. Kitandaze kidogokidogo kwenye makaratasi yasiyoteleza, karibu na joto na maji. Wakikanyaga wanasikia mlio, wanadonoa.

4. Acha taa usiku wa kwanza. Gizani kifaranga hali.

5. Kesho yake pima gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Shika vifaranga 20 kutoka kila kona, siyo wale wachangamfu tu. Likiwa laini kama uji mzito, amekula na kunywa. Likiwa gumu, amekula bila kupata maji. Likiwa tupu, hajala. Baada ya masaa 24, angalau 19 kati ya hao 20 wawe wamejaa. Wakipungua, rudi kwenye joto na mpangilio wa vyombo.

Ninyi wa Biharamulo msijidanganye na jua la mchana. Jiko linazimwa saa sita, halafu alfajiri vifaranga wamerundikana. Waangalie wao wenyewe: wakirundikana ni baridi, wakikimbia jiko huku wanahema midomo wazi ni joto kali, wakitawanyika vizuri wanadonoa, uko sawa.

Yule kijana usiku ule aliongeza jiko la pili, akazungushia maboksi kuziba upepo, akawapa maji ya uvuguvugu. Asubuhi nilimpitia, tukashika magole pamoja. Wengi walikuwa wamejaa. Wale waliobaki watupu tuliwatenga karibu na jiko, tukawanywesha mmoja mmoja. Baadhi walikufa, lakini banda limesimama na mkopo una pa kulipiwa.

Ila kama joto lipo, maji yapo, na bado wamezubaa au wanaharisha, usibahatishe dawa. Mwite afisa mifugo wa kata yako aje kuwaona kwa macho.

Kabla hujatuma hela ya vifaranga, nunua mkaa kwanza.